Ng'ambo ipi ya mto? Jibu kwa luteni aliyerudishiwa ripoti

SWALI: Mimi ni luteni, nina miaka minne jeshini. Askari wangu wako vizuri, kwa shabaha platuni yangu haina mpinzani kikosini. Lakini kamanda wangu kila nikimpelekea ripoti ananirudishia imejaa wino mwekundu, na wiki iliyopita aliniambia mbele ya wenzangu kwamba sijui kuandika. Mimi nilijiunga na jeshi niwe mpiganaji, si karani. Je, ufundi wa kuandika una thamani gani hasa kwa afisa wa medani? Na siku hizi si kuna programu za kompyuta zinazoandika zenyewe?

JIBU: Luteni, tuanze na mizinga.

Tarehe 25 Oktoba 1854, karibu na bandari ya Balaclava huko Crimea, jenerali wa Waingereza, Lord Raglan, alikuwa juu ya kilima akiuona uwanja wote wa vita. Asubuhi ile Warusi walikuwa wameteka mizinga kwenye maboma yaliyolindwa na askari wa Kituruki, washirika wa Waingereza, na sasa Raglan aliwaona wakijiandaa kuikokota waende nayo. Akamwagiza mnadhimu wake, Airey, aandike amri kwa kamanda wa askari farasi, Lord Lucan. Airey aliandika kwa penseli, upesi upesi. Kwa Kiswahili ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: Lord Raglan anataka askari farasi wasonge mbele haraka, wamfuate adui na wajaribu kumzuia asiondoke na mizinga, kikosi chetu cha mizinga ya kukokotwa na farasi kinaweza kufuatana nao, farasi wa Ufaransa wako kushoto kwenu, mara moja.

Usome tena ukijiweka mahali pa Lucan. Yeye hakuwa kilimani, alikuwa bondeni. Mizinga iliyotekwa hakuiona, kwa sababu ardhi ilimkinga. Mizinga iliyokuwa ikijulikana kuwapo "mbele" ilikuwa ya Warusi wenyewe, mwisho wa bonde, imepangwa tayari kupiga. Alipomuuliza mjumbe, Kapteni Nolan, ni mizinga ipi, Nolan alirusha mkono kwa hasira kuelekea bondeni. Muda mfupi baadaye wapanda farasi wapatao 670 walilishuka bonde lile, mizinga ikiwapiga kutoka mbele, kushoto na kulia. Zaidi ya 100 walikufa, na Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Sasa tafuta kosa la lugha katika amri ile. Hulipati. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kawaida, hata adabu imo. Mwalimu wa sekondari angeipa alama nzuri. Ubaya wake ni kwamba aliyeiandika alikuwa kilimani, akamwandikia mtu wa bondeni kana kwamba wote wawili wanaona kitu kimoja. Hiyo ndiyo sababu napinga wazo lako kwamba kuandika ni kazi ya karani. Karani anahakikisha barua imepigwa chapa vizuri, ina kumbukumbu namba na imeingia kwenye jalada lake. Kujua msomaji wako amesimama wapi, anaona nini, na atafanya nini akishamaliza kusoma, hiyo ni kazi ya kamanda, na hakuna masijala itakayokufanyia.

Nimesahihisha kazi nyingi za maafisa vijana. Wino mwekundu mara chache huwa ni wa tahajia. Ngoja nikuonyeshe. Ripoti hii nimeitunga mimi, ila nina hakika utaitambua:

"Doria iliondoka kama ilivyopangwa na kuelekea maeneo ya mtoni, ambako kutokana na changamoto mbalimbali za hali ya hewa ilichelewa kidogo. Baada ya kufika ng'ambo ya mto zilionekana alama za gari na baadhi ya watu wanaodhaniwa kuwa si raia wema. Hatua stahiki zilichukuliwa na hali kwa ujumla ni shwari."

Mfikirie kamanda wako anaisoma saa nane za usiku, ana simu mbili zinalia, na lazima aamue kama atoe kombania moja kabla ya alfajiri. Watu wangapi? Wana silaha? Gari lilikuwa linakwenda wapi, na lilipita lini? Nani aliwaona, wewe au askari wako? Hatua stahiki ni ipi, uliwafyatulia risasi au uligeuza ukarudi kambini? Na kama kuna watu wasiojulikana na gari lisilojulikana, ushwari unatoka wapi? Ripoti ina sentensi tatu na hakuna hata moja inayomsaidia kuamua. Halafu tazama vitenzi: "zilionekana", "wanaodhaniwa", "zilichukuliwa". Hakuna mtu hata mmoja aliyefanya kitu katika doria hiyo nzima.

Sasa soma hii:

"Saa 1810 tarehe 12, ukingo wa mashariki wa mto, mita 300 kusini mwa daraja la miti, niliona alama za matairi ya lori moja zikielekea kaskazini. Mvua ilikatika saa 1600 na alama hazikuwa zimejaa maji, kwa hiyo nadhani lori lilipita ndani ya saa mbili kabla yetu. Koplo aliyekuwa mbele aliona wanaume watatu, mmoja ana bunduki. Hakuweza kutambua aina yake. Waliingia msituni kabla hatujawasemesha. Sikuwafuata kwa sababu giza lilikuwa linaingia na nilikuwa na askari wanane. Sijui kama lori lilivuka daraja. Naomba doria ya pili ifike darajani kabla ya mapambazuko."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Usije ukadanganyika kwamba kuandika kwa ufupi ni kuhesabu maneno. Kinachopaswa kuwa kifupi ni muda kati ya kusoma na kuamua. Lakini jambo kubwa zaidi ni jinsi ilivyotenganisha mambo manne: niliyoyaona mwenyewe, aliyoyaona mwenzangu, ninayoyadhani, na nisiyoyajua. Afisa anayeweza kuyatenga haya manne kwenye karatasi akiwa amelowa na amechoka, ameshafanya nusu ya kazi ya upelelezi. Asiyeweza, hata awe na macho ya tai, aliyoyaona yamepotea. Na lile neno "sijui" usilionee haya. Kamanda mzuri hulithamini, maana linamwonyesha pa kupeleka doria inayofuata.

Umeona pia nimeandika "ukingo wa mashariki" badala ya "ng'ambo ya mto". Ng'ambo inategemea umesimama wapi. Wewe ulishavuka, kambi haijavuka, na helikopta inayokuja kuchukua majeruhi haiko upande wowote. "Kule juu", "mbele kidogo", "kushoto kwa kijiji" ni mizinga ya Raglan hiyo hiyo. Na saa nazo: ukiandika "saa tatu" kwa mtu ambaye si Mswahili, umempa nafasi ya kukosea kwa saa sita nzima. "Usiku wa Jumatano" ni mbaya zaidi, maana bibi yangu angeelewa ni usiku unaotangulia Jumatano, na kijana wa Dar es Salaam aelewe unaofuata. Andika tarehe na saa 24, basi, na andika saa za eneo gani kama kuna mipaka imevukwa.

Usidhani natafuta vijisababu vya darasani. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliidhinisha brigedi ya kujibu mashambulizi ndani ya MONUSCO, misheni yake ya kulinda amani, mashariki mwa Kongo. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Vikosi vyake vilitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Juu yake, kama kamanda wa majeshi yote ya misheni, akaja Mbrazili, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz. Pembeni yao kulikuwa na jeshi la Kongo linaloandika Kifaransa. Hesabu mwenyewe: taarifa inatoka kwa koplo anayewaza kwa Kiswahili, inaandikwa na luteni kwa Kiingereza cha shuleni, inasomwa na mnadhimu wa nchi nyingine, inamfikia jenerali ambaye lugha ya mama yake ni Kireno, na kipande chake kinapelekwa kwa wenyeji kwa Kifaransa. Katika mlolongo huo, sentensi yenye mafumbo haivuki salama. Inayovuka ni ile yenye mtendaji, kitendo, mahali na saa. Wengi wenu mtapita kwenye misheni za namna hiyo. Ukiwa hujazoea kuandika kwa unyoofu kwa Kiswahili, Kiingereza hakitakuokoa. Kitakuongezea tu pa kujificha.

Hadi hapa nimesema habari za ripoti, zinazopanda juu. Amri zinashuka, na zina ugumu wake. Katika hizo mwalimu wangu ni Ulysses Grant wa Marekani. Aprili 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwa ameshapewa majeshi yote ya Kaskazini, alimwandikia jenerali wake Meade kwamba shabaha yake ni jeshi la Lee, jenerali wa Kusini, na popote Lee atakapokwenda naye aende huko. Kwa Sherman, jenerali wake mwingine, aliandika kwamba anataka alishambulie jeshi la Johnston, naye wa Kusini, alivunje, kisha aingie ndani ya nchi ya adui kadiri atakavyoweza na kuharibu akiba zake za vita. Halafu akaongeza kuwa hakusudii kumpangia mpango wa kampeni; anaeleza tu kazi inayotakiwa ifanyike, na kumwacha huru aitekeleze kwa namna yake.

Linganisha na karatasi ya Airey. Raglan alitaja kitendo, kusonga mbele, bila kueleza lengo kiasi cha kutosha mtu wa bondeni kulitambua. Grant alitaja lengo, akaacha vitendo. Sherman angekuta daraja limevunjwa, au adui kahama, au mvua imeharibu barabara, bado angejua afanye nini. Kwa hiyo unapoandika amri ya platuni, ukishaweka hali, kazi, utekelezaji, ugavi na mawasiliano kama ulivyofundishwa, rudi kwenye sehemu ya kazi ujiulize: sajini wangu akipoteza mawasiliano nami kwa saa sita, sentensi hii itamtosha?

Kuna ugonjwa wa upande wa pili nao, na huu huwapata zaidi wanafunzi bora. George Marshall, ambaye baadaye aliliongoza Jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa na kikosi cha askari wa miguu huko Tientsin, China, kati ya 1924 na 1927. Kwenye mazoezi alimkuta afisa amekwama kabisa. Alitakiwa kuwazungusha askari wachache tu ubavuni mwa adui, lakini alikuwa amezama katika kutunga amri ndefu ya maandishi yenye kila kipengele alichofundishwa, na nafasi ikawa inapita. Marshall akaja kugundua kwamba kijana yule ndiye aliyeongoza darasa lake katika shule ya askari wa miguu ya Fort Benning. Hapo ndipo aliposhikwa na hamu ya kuitia mkono shule ile. Alipopelekwa huko mwaka 1927 aligeuza ufundishaji: amri fupi, lugha ya kawaida, mara nyingi kwa mdomo. Kwa hiyo, Luteni, kujua kuandika ni pamoja na kujua wakati wa kutoandika. Adui akiwa mita 200, hakuna anayetaka aya zako tano. Ila atakayeweza kutoa amri safi kwa mdomo kwa sekunde ishirini ni yule aliyeizoeza akili yake kwenye karatasi.

Sasa nirudi kwenye "hatua stahiki zilichukuliwa", kwa sababu hiyo sentensi inanikera kuliko zote. Tarehe 5 Juni 1944, siku moja kabla majeshi ya washirika hayajavuka kwenda Normandy, kamanda wao mkuu, Dwight Eisenhower, aliandika kwa mkono kijitaarifa cha kutangazwa endapo uvamizi utashindwa. Kijikaratasi hicho kipo hadi leo, na alivyokisahihisha panaonekana. Awali aliandika kwamba majeshi yameondolewa. Akakata, akaandika kwamba yeye ameyaondoa majeshi. Mwishoni akasema kama kuna lawama yoyote, ni yake peke yake. Alikuwa na watu zaidi ya 150,000 wa kuvusha siku iliyofuata, na bado alipata muda wa kukata kitenzi kisicho na mwenyewe na kuweka chenye mwenyewe. Kamanda wako akiizungushia wino mwekundu "zilichukuliwa", anakuuliza swali ambalo Eisenhower alijijibu mwenyewe.

Kuna maandishi mawili ambayo vijana huyafanya kwa haraka na ambayo mimi huyapima kuliko amri. La kwanza ni ripoti ya mwaka ya tathmini ya askari wako. "Ni askari mzuri, mtiifu, mwenye nidhamu." Umeshawaandikia wangapi hivyo? Bodi ya kupandisha vyeo inasoma mamia ya watiifu wenye nidhamu. Lakini ukiandika kwamba koplo huyu alishika platuni siku nne ulipokuwa hospitali, kwamba redio mbili zilizotangazwa hazifai yeye alizifufua, na kwamba bado anahitaji kujifunza kusoma ramani usiku, umempa mtu yule nafasi. Yeye hana kalamu ya kujiandikia. Kalamu yake ni wewe. Askari huchelewa vyeo kwa sababu ya uvivu wa maafisa wao, na hawaambiwi.

La pili nalitaja tu: barua kwa familia ya askari aliyekufa. Mama yake ataitunza miaka yote, na wajukuu wataisoma. Ikiwa na maneno ya kunakili, wataona.

Umeuliza "thamani" pengine kwa maana ya cheo pia, na sioni aibu kukujibu. Ukifika umeja na kwenda Duluti kusomea ukamanda na unadhimu, utashangaa jinsi bunduki ilivyokaa mbali na kalamu ilivyokaa karibu. Mnadhimu huishi kwa dokezo sabili (maelezo mafupi ya ndani ya ofisi), muhtasari wa kikao na tathmini ya hali. Mkubwa wake anaamua kwa yale aliyomwandikia. Kanuni za Jeshi la Marekani za uandishi wa barua zinataka maandishi yaeleweke kwa kusomwa mara moja tu, haraka, na jambo kuu litangulie. Ningependa kila ofisi yetu ibandike hiyo ukutani, maana tuna mazoea ya kuanza na "rejea somo tajwa hapo juu" na kuweka ombi kwenye ukurasa wa tatu.

Kisha kuna kuandika kwa ajili ya jeshi zima, makala za kitaaluma. Hapa nakubali kuna hatari. Mwaka 1920 Eisenhower akiwa afisa kijana aliandika katika jarida la askari wa miguu kwamba vifaru visibaki kutambaa nyuma ya askari wa miguu, vipewe kasi na kazi kubwa zaidi. Aliitwa na mkuu wa askari wa miguu, akaambiwa mawazo yake ni mabaya na ya hatari, na akiyarudia atafikishwa mahakama ya kijeshi. George Patton, aliyefikiri kama yeye, alionywa vilevile. Miaka ishirini baadaye vita vilionyesha nani alikuwa na haki. Hata hivyo jeshi lile lile lilijifunza kitu: katika miaka ya 1930 jarida hilo lilihaririwa na Edwin Forrest Harding, aliyewahi kufundisha chini ya Marshall kule Benning, na akalifanya mahali pa mabishano ya kweli. Mwaka 2023 mkuu wa Jeshi la Marekani, Jenerali Randy George, alianzisha mradi wa kufufua uandishi wa kitaaluma na ukapewa jina la Harding. Kwako wewe, kwa cheo chako, usianze na kuurekebisha mkakati wa taifa. Andika juu ya kitu unachokijua kuliko jenerali: maji ya kunywa kwenye doria ya siku tatu, mzigo wa askari, kwa nini betri za redio huisha mapema. Pitisha kwa wakubwa wako kwanza, na usiri ni usiri.

Usiri unanileta kwenye programu zako za kompyuta. Kwanza, kuipa programu ya intaneti mahali ilipo doria, idadi ya askari na saa za kutoka ni kumkabidhi mtu usiyemjua taarifa za kijeshi, na hilo lina kanuni na adhabu zake. Haijalishi ulitaka ikunyooshee Kiswahili tu. Pili, programu haikuwa mtoni. Haijui kwamba koplo ndiye aliyeona, si wewe. Itakuandikia "hali kwa ujumla ni shwari" kwa lugha tamu kuliko yako, na tutakuwa pale pale, ila sasa kosa limevaa suti. Barua ya mwaliko wa sherehe ya kikosi, sawa, itumie kama taratibu zenu zinaruhusu.

Mbele ya wenzako hakupaswa kukuaibisha; hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Lakini afisa anayekaa usiku na kalamu nyekundu juu ya ripoti ya luteni hajakukatia tamaa. Wanaokata tamaa huweka sahihi tu.

Ripoti yako ijayo, kabla hujaipeleka, mpe sajini au koplo wa platuni yako ambaye hakwenda doria hiyo, pamoja na ramani na penseli. Usimweleze chochote. Mwambie achore ulikopita, aweke alama ulichokiona na saa yake. Akichora sivyo, usimsahihishe yeye, rudi ukaandike upya aya iliyompoteza.